Nani asimame wapi: mwongozo wa nafasi za wachezaji wa flagi futiboli kwa makocha wa Nyanda za Juu Kusini

Ukitoa mpira wa umbo la yai mbele ya vijana ishirini pale Uyole, utaona jambo lile lile kila mara: wote wanataka kurusha. Anayekimbia kuliko wote anataka kurusha, mfupi mwenye mikono mizuri anataka kurusha, na yule aliyesimama pembeni akitafuna muwa naye anasubiri zamu yake ya kurusha. Hapo ndipo kocha mgeni wa mchezo huu anapokosea. Anamchagua mrefu mwenye nguvu awe mrushaji, mwenye mbio awe mpokeaji, waliobaki "watakaba". Baada ya miezi miwili timu inafungwa kila mechi na hakuna anayejua kwa nini.

Nilipitia njia hiyo mwenyewe. Nilichokuja kukielewa ni kwamba vijana wetu huku Mbeya, Iringa na Njombe tayari wana ujuzi wa nafasi hizi, ila wameupata kwenye michezo mingine: rede, netiboli, wavu, ugolikipa, hata kukimbizana na kuku uani. Kazi ya kocha ni kuuona na kuupeleka mahali pake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, tangu kuchora uwanja mpaka mechi ya kwanza.

Kwa anayeisikia kwa mara ya kwanza: flagi futiboli ni futiboli ya Kimarekani isiyo na kuangushana. Kila mchezaji anavaa mkanda wenye vibendera vinavyoning'inia kiunoni, na ukitaka kumsimamisha mwenye mpira unachomoa kibendera chake. Aina inayochezwa kimataifa ni ya watu 5 kwa 5, wanaume na wanawake kila mmoja na mashindano yake. Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliikubali kuwa mchezo wa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Nalitaja hili kwa sababu wazazi huuliza, "Mwalimu, huu mchezo unampeleka wapi mwanangu?" Ni swali halali, na sasa lina jibu.

Hatua ya kwanza: pata uwanja na vifaa

Uwanja wa 5 kwa 5 una urefu wa yadi 70 na upana wa yadi 25. Yadi 50 za katikati ni za kuchezea, na kila mwisho kuna yadi 10 za eneo la kufungia. Kwa mita, urefu ni kama 64 na upana ni karibu 23. Habari njema ni kwamba uwanja wa flagi hauhitaji kiwanja kipya. Ulaze kwa kukatiza uwanja wa mpira wa miguu, kutoka mstari mmoja wa pembeni hadi mwingine, na kwenye kiwanja cha ukubwa wa kawaida utapata viwanja vitatu vya flagi sambamba, nafasi ya kupumua ikibaki katikati yake. Viwanja vingi vya shule ni vidogo kuliko hapo. Pima kwa hatua kwanza, na kikipungua, punguza yadi za katikati. Usipunguze maeneo ya kufungia, maana wapokeaji wanahitaji nafasi ya kukata kona humo.

Mistari chora kwa chokaa au majivu. Pembe weka chupa za maji zilizojazwa mchanga, na usithubutu kuchomeka vijiti, mtoto ataangukia.

Mikanda inashonwa. Mpelekee fundi cherehani vitambaa vya rangi mbili kutoka mitumba ya Mwanjelwa, mwambie kila kibendera kiwe na urefu wa kama sentimita 38 na upana wa sentimita 5, kishikizwe kwenye mkanda kwa ule utepe wa kunata unaofungia viatu vya watoto. Kishike vizuri ila kitoke kwa mvuto mmoja. Kibendera kinachong'ang'ania kinaharibu mafunzo ya ulinzi kwa wiki nzima, kwa sababu mtoto amefanya kila kitu sawa na bado hakuna kilichotoka. Mpira wenyewe ndio ghali. Usipoupata, anza na wa raga, lakini ujue ni mnene na ncha zake ni butu, kwa hiyo kuushika kwa vidole ni kugumu zaidi. Ukiupata wa saizi ya vijana, kamata huo hata kwa wakubwa wanaojifunza.

Hatua ya pili: fundisha kanuni zinazozaa nafasi

Usiwasomee kitabu kizima cha kanuni. Wafundishe zile tu zinazoeleza kwa nini kila nafasi ipo.

Timu inapata majaribio manne kuvuka mstari wa kati, kisha manne mengine kufunga. Kila jaribio linaanza pale mpira ulipowekwa chini, yaani mstari wa kuanzia: senta, anayeutoa mpira, anampa kotabeki, yaani mrushaji, aliye nyuma yake. Kotabeki akishaupokea haruhusiwi kukimbia nao kuvuka mstari wa kuanzia. Lazima aurushe au amkabidhi mwenzake. Kwa upande wa ulinzi, anayetaka kumkimbilia kotabeki lazima awe amesimama yadi 7 nyuma ya mstari huo, yaani mita 6 na nusu hivi, wakati mpira unapotoka. Hakuna kuzuia kwa mwili: huwezi kumkinga mwenzako kwa kifua wala kumsukuma mlinzi. Yadi 5 kabla ya mstari wa kati na yadi 5 kabla ya eneo la kufungia hakuna kukimbia na mpira kutoka nyuma, ni pasi tu. Na mpira ukigusa ardhi umekufa, hakuna kuugombania.

Kutokana na kanuni hizo chache unapata picha nzima. Kwa kuwa hakuna kuzuia, hakuna haja ya majitu. Kwa kuwa kotabeki hawezi kukimbia, anahitaji macho na mkono wa haraka. Kwa kuwa mpira ukidondoka umekufa, mikono inayodaka ina thamani kuliko miguu inayokimbia.

Hatua ya tatu: watazame siku mbili kabla ya kumpangia mtu nafasi

Siku ya kwanza usiutoe mpira wa flagi kabisa. Wacheze rede. Kila aliyesoma shule ya msingi huku anaijua: wawili wanarushiana mpira kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa. Kaa na daftari. Anayekwepa kwa kuyumbisha kiuno bila kuruka ovyo, muandike. Huyo ni mkimbiaji au mpokeaji. Anayerusha bila kukunja mkono sana, mpira ukafika pale anapokwenda mkwepaji na si pale alipo, muandike kwa wino mwingine. Huyo ana jicho la kotabeki, hata kama ni mfupi.

Baadaye, siku hiyo hiyo, wapange kwa netiboli, wavulana na wasichana pamoja. Wachezaji wa netiboli wamezoea kudaka kwa mikono miwili na kuuachia mpira ndani ya sekunde tatu. Ni hazina ambayo wengi hawaioni. Kotabeki bora niliyewahi kumfundisha alikuwa binti aliyecheza katikati kwenye netiboli ya UMISSETA. Mara ya kwanza kushika mpira wa flagi alikuwa ameshajua kutazama pande mbili kabla ya kutoa pasi, jambo ambalo kwa wavulana wa mpira wa miguu nililifundisha kwa miezi.

Siku ya pili fanya majaribio matatu mafupi. La kwanza, mbio za mita 10 na si za 100, kwa sababu flagi ni mchezo wa hatua tano za mwanzo. La pili, kukimbia mita 5, kugeuka ghafla kushoto au kulia kocha anaponyoosha mkono, kisha mita 5 nyingine. La tatu, mmoja mmoja ndani ya njia ya upana wa mita 5: mmoja ana vibendera, mwingine anavuta. Kila mtu afanye mara sita kila upande. Andika alama. Vijana wakiona umeandika, hawanuni unapowapa nafasi wasiyoitarajia.

Hatua ya nne: nafasi za mashambulizi

*Kotabeki.* Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu timu nzima inapumua kupitia mtu huyu.

Anza na kushika. Vidole viwili au vitatu vikae juu ya nyuzi za mpira, kidole cha shahada karibu na ncha ya nyuma, na kati ya kiganja na mpira pabaki upenyo mdogo unaopitisha mwanga. Mpira unaobanwa na kiganja unatoka ukitetemeka kama kuku aliyefungwa miguu. Kisha mwili: bega la mkono usiorusha lielekee kwa mpokeaji, kiwiko cha mkono unaorusha kipande mpaka usawa wa bega, mguu wa mbele uguse ardhi kabla mkono haujaja mbele. Mkono unamalizia kwenye nyonga ya upande wa pili, dole gumba likitazama chini. Mpira ukitoka hivyo unazunguka kama msumari wa skrubu na hata upepo hauutingishi sana.

Wafundishe wakiwa wamepiga goti moja kwanza, umbali wa mita 5, pasi 50 kila zoezi. Goti linaondoa miguu kwenye hesabu, mkono unajifunza peke yake. Wiki ya pili wasimame, mita 10. Wiki ya tatu wakimbie kando huku wakirusha. Usimwache mtoto ajaribu pasi ndefu mpaka ile ya mita 10 iwe inamfikia mwenzake kifuani mara nane katika kumi. Kwenye uwanja wenye upana wa mita 23 pasi fupi ndizo zinazokula mchezo.

Halafu muda. Mkabaji anayemkimbilia kotabeki anatoka yadi 7, na kotabeki huwa amesimama yadi 5 au 6 nyuma ya senta. Jumla ni mita 11 au 12. Kijana mwepesi anazimaliza kwa sekunde mbili na nusu. Kwa hiyo kwenye mazoezi timu nzima ihesabu kwa sauti, "elfu na moja, elfu na mbili," na kabla ya "elfu na tatu" mpira uwe umeondoka. Kotabeki anayesubiri kuona mpokeaji yuko huru amechelewa. Arushe mpokeaji anapoanza kukata kona, mpira na mtu wakutane mbele.

Macho yake yafanye kazi moja tu kwa kuanzia: amtazame mlinzi wa mwisho, yule tutakayemwita sefti. Sefti akienda kulia, mpira uende kushoto. Usimpe mgeni wapokeaji wanne wa kuwachambua, atawaona wote na asimuone hata mmoja.

Anayetaka mfano wa kuigwa amtafute Diana Flores wa Mexico kwenye video za mtandaoni. Mwaka 2022, kwenye Michezo ya Dunia huko Birmingham, Alabama, aliiongoza timu ya wanawake ya nchi yake kuifunga Marekani 39 kwa 6 kwenye fainali. Waonyeshe mabinti wako miguu yake, si mkono tu: haisimami.

*Senta.* Nafasi inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo ningeijaza ya pili baada ya kotabeki. Mpira ukimponyoka wakati wa kuutoa, umekufa na jaribio limepotea. Mpira si lazima upite katikati ya miguu. Masenta wengi wa flagi husimama ubavu na kuutupa nyuma kwa mkono mmoja, huku macho yakiwa mbele. Afanye hivyo mara 30 kila mazoezi, kotabeki akibadilisha umbali, na mpira ufike kati ya kiuno na kifua.

Akishautoa, senta ni mpokeaji kama wengine. Walinzi wengi humsahau. Anatembea hatua tatu kama mtu asiye na shughuli, anageuka, anapewa pasi ya yadi 5, na majaribio manne yanakuwa mepesi. Mpe nafasi hii mtu mtulivu mwenye mikono ya uhakika. Mara nyingi ni yule kijana mnene kidogo ambaye kwenye mpira wa miguu walikuwa wanampeleka golini asiyetaka kwenda. Hapa ana kazi ya heshima.

*Wapokeaji.* Kwa kawaida utakuwa na wawili au watatu. Kudaka kunafundishwa kwa sheria mbili tu. Mpira ukija juu ya kifua, madole gumba yakutane na vidole vifanye umbo la pembetatu. Ukija chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vikutane. Kifua si chombo cha kudakia, kinaurudisha mpira. Macho yaufuate mpaka uingie kwapani. Wengi wanaangusha kwa sababu wanamtazama mlinzi nusu sekunde kabla ya wakati.

Kisha njia za kukimbia. Majina ya Kiingereza yapo, lakini timu yangu inatumia ya kwetu na inaelewana haraka zaidi. "Simama": kimbia yadi 5, geuka umtazame kotabeki. "Mshazari": hatua tatu mbele, kisha kata kuelekea katikati. "Nje": yadi 5 mbele, kisha kata kuelekea mstari wa pembeni. "Nguzo": yadi 10, kisha kata kuelekea katikati ya eneo la kufungia. "Kona": yadi 10, kata kuelekea pembe. "Moja kwa moja": hilo halihitaji maelezo. Njia sita zinatosha msimu mzima. Siri iko kwenye hatua tatu za mwanzo. Zote zifanane, ili mlinzi asijue ni ipi. Anayepunguza mwendo kabla ya kukata kona amemwambia mlinzi kila kitu.

Mcheza wavu anayeruka vizuri mpe nafasi ya nje, karibu na mstari, kwa ajili ya "Kona". Mwepesi wa kugeuka mpe "Mshazari".

*Mkimbiaji.* Si kila timu inamtumia muda wote, na sioni ubaya kuanza bila yeye. Ukimtumia, afundishwe kupokea mpira kwa kufungua mikono kama mdomo: kiwiko cha upande wa kotabeki juu, mkono mwingine chini, mpira ubanwe na vyote viwili. Kuzunguka kunaruhusiwa. Kufunika kibendera kwa mkono, kwa kiwiko au kwa mpira wenyewe ni kosa, na watoto hulifanya bila kujua kila wanapoinama. Dawa yake ni mazoezi ya kukimbia na mpira juu, karibu na kifua. Wakwepaji wako wa rede wataizoea nafasi hii ndani ya siku mbili.

Hatua ya tano: nafasi za ulinzi

Kabla ya nafasi yoyote, kila mtu ajue kuvuta kibendera. Namaanisha kila mtu, kotabeki akiwemo, maana pasi yake ikinaswa yeye ndiye atakayekuwa karibu.

Fikiria namna ya kukamata kuku. Asiyejua anamrukia, kuku anapita chini ya mkono. Anayejua haruki. Anamkaribia kwa mbio, akifika kama mita 2 anapunguza hatua ziwe fupi, anainamisha magoti, na anamsogeza kuku taratibu upande wenye ukuta. Kwenye flagi ukuta ni mstari wa pembeni. Mlinzi asimame kidogo upande wa ndani, amuachie mwenye mpira njia ya nje, ambako nafasi inaisha yenyewe. Macho yakae kwenye kiuno. Mabega yanadanganya, kichwa kinadanganya, mpira unadanganya, ila kiuno hakiwezi kwenda kushoto huku mtu akienda kulia. Mkono uvute kibendera cha karibu, kuelekea chini, kisha mlinzi akiinue juu ili mwamuzi aone na ajue mahali. Kushika jezi au kumkumbatia mtu ni kosa.

Kwenye kila zoezi tumia dakika 15 kwa hili. Anza na ile njia ya mita 5, kisha ipanue mpaka mita 10, kisha walinzi wawili kwa mkimbiaji mmoja. Nikilazimika kuacha kila kitu kingine kwa sababu ya mvua au giza, hili siliachi.

*Rasha* ndiye anayemkimbilia kotabeki kutoka yadi 7. Anahitaji mbio za mita 10, si pafu la kilomita. Aelekee upande wa mkono unaorusha, ili kotabeki alazimike kuhamia upande asioupenda. Akishindwa kuvuta kibendera, ainue mikono yote miwili juu kuziba macho, lakini asiguse mkono wa kotabeki, maana hiyo ni adhabu. Kosa la rasha mgeni ni kukimbia moja kwa moja bila kuvunja mwendo, anapitiliza, kotabeki anageuka na kubaki peke yake na wapokeaji huru mbele yake. Afundishwe kupunguza hatua mbili za mwisho.

*Konabeki*, wawili, wanakaa pembeni na kuwachunga wapokeaji wa nje. Ujuzi wao mkubwa ni kukimbia kinyumenyume. Wapange mstari mmoja, warudi nyuma mita 5 magoti yakiwa yamekunjwa na kifua mbele, ukinyoosha mkono wageuze nyonga na kukimbia upande huo. Kijana anayesimama wima anaporudi nyuma hatageuka kwa wakati. Beki wa pembeni wa mpira wa miguu, aliyezoea kuchungana na winga, anaingia hapa bila taabu. Umkumbushe tu kwamba kumgusa mpokeaji kabla mpira haujafika ni kosa.

*Mlinzi wa kati* anachunga senta na pasi fupi za "Mshazari". Mpe mtu msemaji, atakayewaambia wenzake nani kahamia wapi.

*Sefti* anakaa nyuma ya wote, yadi 10 au 12 kutoka mstari wa kuanzia, na ana amri moja: hakuna anayepita nyuma yako. Hapa ndipo magolikipa wanapong'ara. Golikipa amezoea kuusoma mpira ukiwa hewani, kuamua atoke au abaki, na kuwapigia kelele mabeki. Sefti anayependa kunasa pasi kupita kiasi atakufungisha, kwa sababu kotabeki mjanja atamvuta mbele kwa macho tu kisha atarusha nyuma yake. Mfundishe hatua mbili nyuma kwanza mpira unapotoka kwa senta, ndipo aamue.

Kwa timu mpya, pendekezo langu ni ulinzi wa maeneo, si wa mtu kwa mtu. Rasha mmoja amkimbilie kotabeki, konabeki wawili na mlinzi wa kati wagawane upana wa uwanja katika sehemu tatu, sefti nyuma. Ulinzi wa mtu kwa mtu unamwaibisha mlinzi mmoja mbele ya watazamaji na unamvunja moyo. Uanze mwezi wa pili, ukiwa na konabeki wanaoweza.

Hatua ya sita: wiki sita za kwanza

Wiki mbili za mwanzo ni kudaka, kurusha kwa goti kisha wima, na kuvuta vibendera, bila nafasi. Wiki ya tatu wape nafasi, kila mtu moja ya mashambulizi na moja ya ulinzi, na uzibandike ukutani. Wiki ya nne fundisha mipango minne tu: miwili ya pasi fupi, mmoja wa pasi ya kati, na mmoja wa eneo lile la yadi 5 lisiloruhusu kukimbia. Timu nyingi huukosa huu wa mwisho, zinafika mlangoni na hazina ufunguo. Mpango wangu wa hapo ni wapokeaji wawili wanaopishana karibu karibu, mmoja akielekea ndani na mwingine nje, bila kugusana wala kumziba mlinzi. Wiki ya tano cheza 5 kwa 5 kwa mwendo wa nusu. Wiki ya sita mechi.

Timu iwe na watu 10 mpaka 12. Waliopo benchi wapewe kazi ya kuhesabu: nani kadaka, nani kaangusha, nani kavuta vibendera vingapi. Baada ya mechi tatu daftari hilo litakubadilishia nafasi za watu wawili au watatu, na badiliko hilo utaweza kulieleza kwa utulivu. Kijana akija na kusema, "Kocha, shikamoo, mbona umenitoa kwa kotabeki?" mfungulie ukurasa. "Marahaba, mwanangu. Tazama hapa, umevuta vibendera tisa kwenye mechi mbili, hakuna aliyekukaribia. Nakuhitaji sefti." Nimeona sura zikibadilika kwa sentensi hiyo.

Hali ya hewa yetu na nafasi hizi

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi. Mpira unakwenda mbali kidogo kuliko Dar es Salaam, na timu ya pwani ikija kucheza huku itachoka mapema. Timu yako ikishuka pwani, kotabeki wako ataona pasi ndefu zinapungua. Mpe siku moja ya kuzoea kabla ya mechi.

Juni na Julai asubuhi vidole vinakufa ganzi na mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Sogeza mazoezi ya kurusha yaanze saa nne, na kabla ya hapo fanyeni mbio na vibendera. Upepo wa Makambako na Njombe ni mwalimu mkali. Kotabeki wa huko afundishwe kurusha chini na kwa nguvu, usawa wa kifua, na mipango ya "Kona" itumike pale tu upepo ukiwa mgongoni.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inatawala, Tukuyu ndiyo usiseme. Kwenye tope punguza njia za kukata kona kali, tumia "Simama" na pasi kwa senta, na mlinzi apunguze hatua zake mita 3 kabla badala ya 2. Mchezaji mmoja wa benchi awe na vipande viwili vya khanga kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na kila jaribio likiisha, mwamuzi akiruhusu, aufute mpira kabla senta hajauweka chini.